Sikunywa Sumu, Mama: Nililamba Tone la Rejeta

Kwa mama yangu, Masaki, Kisarawe.

Shikamoo mama. Natumaini dada Mwajuma amekaa karibu nawe, amevaa miwani, na anakusomea polepole. Dada, shikamoo na wewe. Usiruke hata mstari mmoja, hata ule utakaoona unaniaibisha.

Kwanza hali zenu. Presha inasemaje? Vidonge vya asubuhi unameza au unawahadaa watu? Goti la kushoto bado linakusumbua ukiinuka kwenye mswala? Na korosho za kule bondeni, mlimaliza kuokota kabla ya mvua, au zimeozea chini kama mwaka juzi? Mimi ni mzima. Leo ni Jumapili, nimekaa kitandani na blanketi mbili mabegani, nimeshakula wali na maharage, na mkono unaoandika ni huu huu wangu.

Nimeandika kwa sababu ulikataa simu. Nilipokupigia Jumanne ulisema siku hizi sauti zinatengenezwa na kompyuta, na picha pia, mtu amekufa wiki nzima bado anaonekana kwenye simu anacheka. Nikakuonyesha uso wangu, ukasema mbona umekuwa mweupe. Mama, ule ni mwanga wa theluji dirishani. Ukasema, "Kama kweli ni Hamisi, aniandikie barua. Mwandiko wake mbovu hakuna kompyuta itakayouweza." Basi huu hapa. Mwalimu alinichapa kwa ajili yake mpaka nilipoacha shule darasa la sita, na haukunyooka.

Najua ulichoambiwa. Umeambiwa mwanao amekunywa sumu Ulaya, amelazwa, hali mbaya, na wazungu wanaficha. Na Mwajuma ameniambia kwamba tangu siku hiyo unakula vijiko viwili vya ugali unasukuma sahani. Sasa nisikilize. Kunywa sikunywa. Nililamba. Tone moja, kwa ncha ya kidole, na nilikuwa kazini, na sababu nilikuwa nayo. Nitakueleza tangu mwanzo.

Kazi yangu unaijua nusu. Wewe huwaambia watu kwamba niko gereji, na mimi nimewaacha waamini. Si gereji. Ni ghala la kulaza magari. Huku Finland kuna watu wana magari ya mbio, yale mafupi yaliyolala chini kama mjusi, na magari hayo hayawezi kutembea kwenye theluji. Kwa hiyo baridi ikianza wanayaleta kwetu. Tunayafunika mashuka, tunayachomekea chaji ya betri, yanalala mpaka mwezi wa tano. Gari halifanyi kazi yoyote na shuka lake ni safi kuliko langu. Mimi nafagia ghala, nasukuma theluji mlangoni kwa koleo, na kila wiki nayapitia magari moja moja: upepo wa tairi, betri, maji ya rejeta.

Tuko watatu tu. Bosi ni mama mmoja anaitwa Aino, mjane, wa umri wako, fundi wa kweli, anayejua gari kwa kulisikiliza tu. Mwingine ni Masanja, Msukuma wa Shinyanga, mtani wetu. Huyo nitamfikia, maana yeye ndiye aliyekunyima usingizi.

Ghala lina mtambo wa kupasha joto. Si joto la kwetu, ni la kuzuia vitu visigande tu. Alhamisi ya wiki juzi mtambo ukafa. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Sijui nikuelezeje hiyo. Ukivuta pumzi pua inanata kwa ndani. Ukishika chuma bila glovu, ngozi inabaki kwenye chuma. Masanja alitoka nje mara moja na ndevu zake mbichi, akarudi zinagongana.

Aino akatuita asubuhi. "Fundi wa mtambo hajulikani atafika saa ngapi," akasema, "na humu ndani kumeshaanza kushuka. Piteni kila gari, muangalie maji ya rejeta. Masanja kushoto, Hamisi kulia. Msiruke hata moja."

Kwetu rejeta inatiwa maji ya bomba na safari inaendelea. Huku ukitia maji matupu umeua injini, kwa sababu maji yakiganda yanavimba, na yakivimba ndani ya injini yanapasua chuma kama ganda la yai. Kwa hiyo wanachanganya maji na dawa isiyoganda, ina rangi rangi, ya waridi au ya kijani. Dawa hiyo ni sumu, hilo limeandikwa kwenye kila dumu. Na ni tamu. Huo ndio ubaya wake, mbwa na paka huilamba wakafa.

Kuangalia kwenyewe si kazi ngumu. Unafunua shuka, unafungua boneti, ambayo kwenye magari haya iko nyuma, maana injini imekaa mgongoni kwa dereva. Unamulika tochi kwenye chupa ya plastiki pembeni. Chupa ina alama mbili, ya juu na ya chini. Maji yakiwa katikati, unaandika sawa, unafunika, unakwenda lingine. Gari limelala siku nyingi, limepoa, kwa hiyo hakuna mvuke wa kukuunguza kama ule uliomchubua mjomba Kibwana shavu. Taabu ni vidole tu. Ukivaa glovu hushiki kitu, ukivua hutaki kushika kitu.

Gari la saba upande wangu ni la njano. Nikafunua, nikamulika. Maji yalikuwa chini ya alama ya chini. Nikaangalia daftari: wiki iliyopita nimeandika kwa mkono wangu kwamba yako katikati. Ama yamevuja, ama niliandika bila kuangalia, na bosi atafikiri ni hilo la pili.

Nikapiga magoti, nikamulika chini. Kulikuwa na majimaji kiasi cha kiganja, juu yake ukoko mwembamba wa barafu. Lakini majimaji yalikuwa kila mahali, kwa sababu theluji inagandana na mabuti yetu halafu inadondoka sakafuni, na Masanja alikuwa amepita hapo hapo kufuata tochi yake. Rangi haikuonekana. Sikujua hii ni rejeta au ni theluji ya Msukuma.

Sasa unajua nilikofundishwa kazi ya magari. Ni kwa ndugu yako mwenyewe, mjomba Kibwana, pale Picha ya Ndege, Kibaha. Gari likidondosha kitu, mjomba hakuuliza mtu. Alikuwa akigusa kwa kidole, anaweka ulimini, anatema, anasema, "Hii breki." Lingine, "Hii maji ya mvua, mwambie aende zake." Lingine, "Rejeta, imekula kutu." Wateja walikuwa wanamwita Ulimi. Na mimi miaka minne nimekaa pale nikilamba magari ya watu wa Kibaha. Haijanidhuru zaidi ya kunikosesha hamu ya chakula cha mchana.

Basi nikavua glovu, nikavunja ukoko, nikachovya kidole, nikalamba.

Ilikuwa tamu. Lakini si tamu ya kutosha, ilikuwa kama chai ya nyumba iliyoishiwa sukari, wakakwangua kopo. Unaweza kuuliza nilijuaje utamu wa kutosha ukoje. Mama, hapa nasema kweli yote kwa kuwa nimeamua kusema kweli: ile haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa kwanza nililamba kimya kimya kwenye gari jekundu, nikaona huku kwao ikoje. Usimlaumu mjomba. Kosa ni langu, nilikuwa nimeshasoma dumu.

Nikiwa bado nimepiga magoti na kidole mdomoni, nikaona mabuti ya Aino mbele yangu.

"Hamisi, unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia kama ni rejeta."

"Na kidole?"

"Ni rejeta, mama." Huku namwita mama, kwa Kiswahili, ameshazoea. "Tena imezidi maji. Hii itaganda."

Habari ya kuganda hakuisikia. "Tema," akasema. "Tema. Tema tena." Nikatema. Akanishika mkono kama mtoto aliyeokota kitu barabarani, akanipeleka kwenye bomba, akanilazimisha kusukutua mpaka meno yakauma kwa baridi, akanitia ndani ya gari lake. Njiani nikamwambia hospitali ni mbali na petroli inakwenda bure. Akasema, "Nyamaza, usije ukameza." Sijui nimeze nini, mdomo ulikuwa mtupu.

Hospitali walinipa mkalimani kwenye simu, dada mmoja mwenye lafudhi ya Mombasa. Daktari anauliza, yeye anatafsiri.

"Anauliza ulikusudia?"

"Kukusudia nini?"

"Kujidhuru."

"Hapana. Nilikusudia kujua kama ni theluji."

"Kaka, nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Nikasikia anamwambia. Daktari akaandika. "Anauliza kama una huzuni siku hizi."

"Mwambie nina njaa. Nimetoka bila chai."

Hapo dada akacheka, daktari naye akacheka kabla hajatafsiriwa. Wakapima damu, wakanipa uji usio na sukari wala chumvi, wakanikalisha mpaka alasiri. Mwisho daktari akasema tone moja halina neno, damu yangu ni safi, lakini ulimi wangu ubaki kwangu. Nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Kulala hospitali sikulala, mama. Hata viatu sikuvuliwa.

Sasa tufike kwa Masanja. Sisi Watanzania wa huku tuna kundi letu kwenye simu. Mimi nikiwa kwa daktari, yeye akarekodi sauti akairusha kwenye kundi. Nimeisikiliza, nakuandikia neno kwa neno: "Jamani, tangazo. Mzaramo wetu amelamba sumu ya gari, amekimbizwa hospitali. Wazaramo nawajua, kitu kikiwa kitamu hawaulizi kimetoka wapi. Andaeni sufuria, pilau la msiba nitapika mwenyewe, mtani." Halafu akacheka mpaka akakohoa. Na huku kila mtu alicheka, maana kila mtu anajua Msukuma na Mzaramo wanavyozikana wangali hai. Hata wewe, mama, yule Msukuma wa ng'ombe aliyekuwa akipita hapo nyumbani, si ulikuwa unamuuliza kila mara sanda yake iko wapi?

Lakini kwenye kundi yumo jamaa mmoja wa Kibaha. Yeye sauti hakuituma. Alimwandikia ndugu yake maneno matupu: Hamisi wa Masaki kalamba sumu, kapelekwa hospitali. Ndugu akasimulia kijiweni kwa bodaboda pale Kisarawe. Kufika Marui, kulamba kumekuwa kunywa na kupelekwa kumekuwa kulazwa. Kufika kwako, pilau limeanguka njiani, kicheko kimeanguka njiani, imebaki sumu peke yake.

Nilipomwambia Masanja kwamba mama yangu hali chakula, alikaa juu ya ndoo.

"Mtani, mimi nilitania."

"Najua."

"Kwetu mama angesikia hivyo angeuliza ng'ombe wangapi wamechinjwa."

"Wangu hakusikia hivyo. Alisikia nakufa."

Akashika kichwa. Baadaye akasema, "Mwambie mama anitoze. Atakachosema nitatoa, sitabisha." Kwa hiyo, mama, faini ya utani iko mikononi mwako. Usimsamehe haraka, kwao ng'ombe wapo. Na yule jamaa wa Kibaha tumempa adhabu yake tayari: anakuja likizo Jumatano, na ndiye atakayebeba barua hii mpaka kwa mke wangu Zuhura pale Picha ya Ndege, naye ataifikisha kwenu. Tumemkataza kuisimulia.

Najua utauliza gari la njano liliishaje. Aino alipohakikisha sifi, alirudi ghalani akapima yale maji kwa kifaa chake, kidude kidogo unachungulia kama darubini. Kikasema maji yale yangeganda kwenye nyuzi nane chini ya sifuri. Akampigia mwenye gari. Mwenye gari akakiri: kiangazi alikuwa safarini, taa ikawaka, akajazia maji ya bomba kituo cha mafuta, akasahau. Na mpira mmoja wa rejeta ulikuwa umelegea kwa baridi, ndiyo maana yalivuja, si kwamba niliandika uongo kwenye daftari. Jioni ile ile Aino na Masanja wakayamwaga yote, wakakaza mpira, wakatia dawa sawasawa. Fundi wa mtambo akafika kesho yake, na ndani ya ghala ilikuwa imeshashuka mpaka tisa chini ya sifuri. Lingepasuka, mama. Lile lingepasuka peke yake kati ya magari yote.

Asubuhi Aino alinikuta nafagia. Akasema, "Ulikuwa sahihi. Na nikikuona tena ulimi uko nje ya mdomo humu ndani, nakufukuza." Akanipa kidude kingine kipya, changu mwenyewe. Nimemwahidi, na wewe nakuahidi, silambi tena kitu kisichotoka jikoni.

Hayo ndiyo ya sumu. Sasa kuna jingine, na hili dada usilisome kwa haraka.

Kwenye simu ile ya Jumanne, kabla hujasema habari za kompyuta, uliniuliza, "Mwanangu, umechoka?" Nikakujibu hapana. Nadhani hapo ndipo ulipoacha kuniamini, kwa sababu hilo lilikuwa uongo na wewe uongo wangu unaujua tangu nikiiba maembe.

Nimechoka, mama. Huu ni msimu wa baridi wa tatu. Jua linatoka saa nne asubuhi, saa tisa limeondoka. Mgongo unaniuma kwa koleo, mikono imepasuka mpaka sabuni inauma. Kuna Jumapili Masanja, ninayeishi naye, akiwa zamu, sitamki neno hata moja tangu asubuhi hadi kulala. Nakumbuka kisamvu, nakumbuka kelele za nyumba yenye watu. Nilikuficha kwa sababu niliona ukijua utanihurumia, na sikutaka unihurumie nikiwa mbali, kwani utafanya nini?

Lakini kuchoka huko kunaishia kitandani. Nalala, naamka natamani chai, namtukana Masanja, siku inaanza. Wallahi, mama, sijataka kufa hata siku moja. Unajua siapi ovyo. Ukisikia nimechoka, sikia hivyo hivyo, usiongezee. Na mimi kuanzia leo ukiniuliza nitakujibu kweli.

Sasa, kabla hujakata simu ile uliniambia, "Kama u mzima, njoo nikuone." Nilikuwa na likizo ya wiki nne mwezi wa tatu. Mimi na Zuhura tulikuwa tumepatana kwamba sitakuja, nitaitumia kupakua malori bandarini huku huku tumalizie mabati ya nyumba yetu pale Picha ya Ndege. Watoto wamechoka chumba kimoja, na Zuhura amesubiri paa hilo kuliko mimi. Nikampigia, nikamweleza, nikategemea tutabishana. Akasema, "Mume wangu, mama yako anakonda. Mabati ya nini? Njoo." Akanipa mtoto wa pili nimsalimie.

Kwa hiyo nakuja. Tiketi nimekata, siku na saa anazo Zuhura. Paa litangoja mwaka mwingine, na ikinyesha tutasogeza kitanda kama tunavyosogeza sasa. Sharti langu ni moja, mama: ule. Si vijiko viwili. Ugali, mboga, na vidonge vyako kila asubuhi, na Mwajuma ashuhudie. Sitaki nije kukuonyesha kwamba ni mzima, nikukute wewe ndiye mgonjwa.

Nisalimie mjomba Kibwana, mwalimu wangu wa ulimi, mwambie aache naye, magari ya siku hizi yameanza kutiwa dawa hata huko. Nisalimie shemeji yangu, mume wa Mwajuma, anayekwea minazi na miaka hamsini. Nisalimie bibi yetu mdogo, anisamehe sikumtaja mwanzo. Nisalimie jirani yako aliyekuletea habari mbaya. Najua alikuja mbio kwa sababu ananipenda. Mwambieni nakuja.

Mama, siku hiyo ukiniona mlangoni usianze kuniuliza maneno. Nishike kwanza. Nishike kichwa, mabega, mbavu, hii mikono iliyopasuka, kote, taratibu, mpaka uridhike. Nitasimama hapo hapo.

Mwanao wa pili, niliye njiani kuja,

Hamisi